Meja Wavell wa Nyali: Imani ya Askari si Vazi la Kuazima

Mwanafunzi anayevuka Daraja la Nyali alfajiri kuelekea shuleni Kisauni, na mwenzake anayengoja feri ya Likoni, wote wawili hupita juu ya historia bila ya kuitambua. Wa kwanza huingia katika ardhi ambayo mwanzoni mwa karne ya 20 ilikuwa na shamba la mkonge la Mwingereza mmoja kijana. Wa pili huishika njia ya kusini, njia ya Gazi na Vanga, ambayo Mwingereza huyo huyo aliifuata mwaka 1914 akiwa na kikosi cha askari Waarabu wa Mombasa. Upande huo wa kusini ndiko maisha yake yalikokatikia mnamo Januari 1916.

Jina lake lilikuwa Arthur John Byng Wavell. Katika masomo ya historia mashuleni hatajwi sana, na pengine hilo si la ajabu, kwa kuwa hakuwa gavana wala mpigania uhuru. Hata hivyo, maisha yake yana funzo ambalo walimu na wanafunzi wa leo wangefaidika kulitafakari. Mtu huyu, akiwa mwanajeshi kwa mafunzo na kwa damu, alijifanya Mwislamu akaenda kuhiji Makka. Miaka sita baadaye aliwaongoza Waislamu halisi vitani, wakati Khalifa wa Waislamu, Sultani wa Uturuki, alipokuwa upande wa adui. Ndani ya kisa hicho limo swali linaloyakabili majeshi yote ya zama zetu: je, imani ya askari ni mali ya nani? Ni yake mwenyewe, au ni chombo kingine mikononi mwa kamanda wake, kama vile bastola na bunduki?

Wavell alizaliwa Uingereza mwaka 1882 katika ukoo wa wanajeshi. Alisoma katika shule mashuhuri ya Winchester, kisha akaingia Chuo cha Kijeshi cha Sandhurst, na mwaka 1900 akapewa kamisheni katika Rejimenti ya Welsh. Vita vya Makaburu vilikuwa vikiendelea huko Afrika Kusini, naye akapelekwa. Vita vilipokwisha alibaki katika nchi za kusini mwa bara hili akifanya safari za upelelezi na upimaji wa ardhi, katika Swaziland, Bechuanaland na kwingineko. Huko ndiko alikojifunza kutembea na watu wachache katika nchi asizozijua, na kusikiliza zaidi ya kusema.

Mnamo 1906 aliuacha utumishi wa jeshi akaja Mombasa. Hakukaa kisiwani pamoja na wakubwa wa serikali. Alivuka maji akaenda Nyali, ng'ambo ya kaskazini, akaanza kulima mkonge. Msomaji asiifikirie Nyali ya leo yenye majumba ya fahari na mahoteli. Wakati huo hapakuwa na daraja. Aliyetaka kuvuka alivuka kwa chombo. Jirani yake ilikuwa Freretown, makao yaliyoanzishwa na wamisheni wa Kianglikana mwaka 1875 kwa ajili ya watumwa waliokombolewa, na kandokando kulikuwa na vijiji vya Waswahili na Wamijikenda, misikiti yao na mashamba yao. Kwa hiyo tangu mwanzo Wavell aliishi mahali ambapo kengele ya kanisa na adhana vilisikika katika ardhi moja.

Shambani Nyali alijifunza Kiswahili, na pamoja nacho Kiarabu. Hili tumsifu kwalo. Wazungu wengi wa zama zile walijifunza Kiswahili cha kuamrisha tu, lakini yeye alitaka kujua watu wanafikiri nini, wanaapa kwa nini, na wanaogopa nini. Ila tunapomsifu tukumbuke pia kwamba maarifa ya namna hiyo yana pande mbili. Mtu aweza kuujua moyo wa jirani yake ili aishi naye kwa wema, na aweza kuujua ili amtumie. Maisha ya Wavell yalikuwa na pande hizo zote mbili, na ndiyo maana yanastahili kuchunguzwa bila ya chuki na bila ya kumpamba.

Mwaka 1908 alikata shauri kufanya jambo ambalo Wazungu wachache mno walikuwa wamelithubutu na kurudi salama. Makka na Madina wakati huo ilikuwa miji iliyoharimishwa kwa wasio Waislamu. Wavell alijipa jina la Ali bin Mohammed, mtu wa Zanzibar, na akapata hati ya safari ya Kituruki. Alichagua kuwa Mzanzibari kwa hesabu maalumu: Kiarabu chake kilikuwa na kasoro, na mtu wa pwani ya Afrika Mashariki asingeshangaliwa kwa kukizungumza hivyo. Alifuatana na wenzi wawili. Mmoja alikuwa Masaudi, Mswahili wa Mombasa. Wa pili alikuwa Abdul Wahid, Mwarabu wa Aleppo aliyekuwa akiishi Berlin.

Walikaa Damascus, wakafunga Ramadhani huko, kisha wakapanda gari la moshi la Hijaz, ambalo reli yake ilikuwa imefika Madina mwaka huo huo wa 1908. Waliikuta Madina katika mtafaruku, kwani makabila ya mabedui yalikuwa yakipambana na askari wa Kituruki nje ya mji. Kutoka Madina walisafiri na msafara hadi bandari ya Yanbu, wakapanda meli hadi Jeddah, na hatimaye wakaingia Makka kwa hija ya mwaka 1326 wa Hijria, ambayo siku zake ziliangukia mwisho wa 1908 na mwanzo wa 1909.

Hapa yafaa tusimame kidogo. Anayeingia katika ihramu huvua nguo zake zilizoshonwa, akajifunga shuka mbili nyeupe. Tajiri na maskini, jemadari na mchukuzi, wote huwa sawa. Mwenye ihramu haruhusiwi kuwinda, wala kugombana, wala kumwaga damu. Na mafundisho ya Mtume yanakataza kubeba silaha Makka pasipo dharura. Kwa maneno mengine, hija ndipo mahali ambapo hata askari huiweka silaha yake kando na kusimama mbele ya Mola wake bila ya cheo. Wavell, ofisa wa Sandhurst, alisimama pale akiwa amevaa vazi lile, lakini ndani yake alikuwa mtu mwingine. Wahenga walisema kwamba nguo ya kuazima haisitiri maungo. Ya kwake ilimsitiri macho ya watu. Kama ilimsitiri mbele ya dhamiri yake, hilo tumwachie mwenyewe.

Kitabu alichokitoa mwaka 1912 kuhusu safari hiyo kilisomwa sana, na ndani yake alijaribu kuutetea ujanja wake. Hakuwadhihaki mahujaji, na maelezo yake yana heshima zaidi ya yale ya wasafiri wengi wa Kizungu. Hata hivyo, Mwislamu wa Mombasa anayekisoma ana haki ya kuumia. Mgeni anayeingia nyumbani mwako kwa jina la uongo amekukosea, hata kama hakuiba kitu, na hata kama alipotoka alikusifu kwa majirani.

Safari ya pili haikumwendea vyema. Mwisho wa mwaka 1910 alikwenda Yemen, akapanda milimani hadi Sanaa. Mapema mwaka 1911 majeshi ya Imam Yahya yaliuzingira mji huo, uliokuwa chini ya Waturuki, naye akakwama ndani. Waturuki walimshuku, wakamweka chini ya ulinzi, na mwishowe akatolewa nchini humo. Akarudi kwenye mkonge wake Nyali.

Agosti 1914 Vita Vikuu vya Kwanza vikazuka Ulaya, na mara moja vikafika Afrika Mashariki. Wajerumani walikuwa Tanga, mwendo mfupi tu kutoka mpaka wa Vanga. Jeshi la Kenya ya wakati ule, yaani King's African Rifles, lilikuwa dogo na limetawanyika. Sehemu yake ilikuwa mbali sana, huko Jubaland. Mombasa, pamoja na bandari yake ya Kilindini na reli ipitayo Changamwe kwenda bara hadi Ziwa Victoria, ilikuwa karibu tupu. Ndipo Wavell alipovaa tena magwanda na kuunda kikosi cha Waarabu wa Mombasa, wengi wao wenye asili ya Hadhramaut na Yemen. Katika orodha za jeshi kiliitwa Arab Rifles. Watu walikiita Waarabu wa Wavell.

Watu hawa hawakuwa askari wa kambini. Walikuwa watu wa kazi za mji na bandari. Silaha waliyoizoea ni jambia, ambalo kwa Mhadhrami na Myemeni ni zaidi ya kisu: ni alama ya utu uzima, nasaba na heshima, na kuvuliwa jambia ni aibu inayokumbukwa kwa vizazi. Ofisa wa Kiingereza naye alikuwa na bastola kiunoni, ambayo kwake ilikuwa silaha ya kujihami na pia alama ya cheo. Kila upande uliifahamu lugha ya silaha ya mwenzake. Lakini silaha haimweki mtu mahandakini usiku kucha. Kinachomweka ni kumwamini anayemwongoza, na hapo ndipo dini ilipoingia.

Novemba 1914 Dola ya Uthmania, iliyokuwa imeungana na Ujerumani, ilitangaza jihadi. Fatwa zilisomwa Istanbul zikiwataka Waislamu wa dunia nzima wawapige Waingereza, Wafaransa na Warusi. Wajerumani wa Dar es Salaam waliupokea wito huo kwa furaha, wakausambaza. Kulikuwa na kinyume kikubwa katika jambo hilo. Mwaka 1908, mwaka ule ule Wavell alipokwenda Makka, Wajerumani hao hao waliingiwa na hofu huko Lindi kwa sababu ya barua iliyosemekana kuwa imetoka Makka, wakawafuatilia waliokuwa wakiisambaza. Uislamu uliokuwa hatari kwao mwaka 1908 ukageuka rafiki mwaka 1914. Dini haikubadilika, kilichobadilika ni haja ya wakubwa.

Waingereza nao hawakukaa kimya. Sultani Khalifa bin Harub wa Zanzibar, ambaye ukanda wa pwani ya Kenya ulihesabiwa kuwa miliki yake, aliwataka Waislamu wa pwani wasiufuate wito wa Uturuki. Mombasa, Sheikh Ali bin Salim alikuwa upande wa serikali. Kwa hiyo Mwislamu wa Likoni au Kisauni alijikuta kati ya sauti mbili, kila moja ikidai kusema kwa niaba ya dini yake: Khalifa wa Istanbul kwa upande mmoja, na Sultani wa Unguja kwa upande mwingine. Nyuma ya kila sauti ilikuwepo dola ya Kizungu.

Kwamba hofu ya Waingereza haikuwa ya bure ilidhihirika haraka katika nchi nyingine za milki yao. Januari 1915, huko Rangoon katika Burma, baadhi ya askari wa kikosi cha 130 cha Baluchi, Waislamu kutoka mipakani mwa India, waligoma kwenda vitani, kwa kuwa hawakutaka kupigana na Waturuki wenzao katika dini. Februari mwaka huo huo askari Waislamu wa Kihindi waliasi Singapore. Miongoni mwa sababu ulikuwa uvumi kwamba wangepelekwa dhidi ya Uturuki. Waasi wengi waliuawa kwa kupigwa risasi mbele ya umati. Ama wale wa Baluchi, kikosi chao kililetwa Afrika Mashariki, ambako adui alikuwa Mjerumani. Huko walipigana, na walipigana vizuri.

Tukio hili lina maana kubwa kuliko linavyoonekana. Askari yule yule, mwenye bunduki ile ile na kiapo kile kile, alikataa mahali pamoja akakubali mahali pengine. Hakuwa mwoga wala hakuwa msaliti kwa tabia. Lilikuwepo jambo ambalo kiapo cha jeshi hakikulifikia. Majenerali walilijifunza hilo kwa gharama ya damu. Wavell, aliyekuwa ameishi miongoni mwa Waislamu na kusali safu moja nao, ingawa kwa hila, alilijua kabla.

Kikosi chake kilipelekwa kusini kuzuia njia ya Vanga. Septemba 1914 kilipambana na Wajerumani huko Majoreni, na Wavell akajeruhiwa. Majeshi ya Kiingereza yakarudi nyuma hadi Gazi, mji ule wa kale wa Wamazrui. Tarehe 7 Oktoba 1914 Wajerumani waliishambulia Gazi. Kama ingeanguka, pasingebaki kizuizi kikubwa kati yao na kivuko cha Likoni.

Ukitaka kuona jeshi la kisasa lilivyokuwa mchanganyiko wa imani, itazame Gazi ya siku ile. Walikuwepo askari wa King's African Rifles, ambalo tangu kuundwa kwake mwaka 1902 lilikuwa na Wasudani na Wayao wengi Waislamu, pamoja na wafuasi wa dini za jadi. Walikuwepo Waarabu wa kikosi cha Wavell. Walikuwepo askari kutoka dola ya Jind ya India, iliyotawaliwa na Masingasinga. Maofisa Waingereza walikuwa Wakristo. Na upande wa pili, miongoni mwa askari wa Kijerumani, Waislamu walikuwa wengi vile vile. Waliomwomba Mungu mmoja kwa maneno yale yale asubuhi, mchana walilengana shabaha.

Katika mapigano hayo maofisa wa Kizungu wa kikosi kilichokuwa mbele walijeruhiwa mmoja baada ya mwingine. Aliyeshika uongozi ni sajini Mwafrika aliyeitwa Sumani, akawaongoza wenzake katika shambulio lililowarudisha Wajerumani nyuma. Hakuwa na cheo cha kuvaa bastola ya ofisa, lakini saa ile amri ilikuwa yake. Mombasa ikaokoka. Mwalimu anayefundisha historia ya Pwani na amtaje Sumani darasani, maana vitabu vimemtaja kwa ufupi mno.

Jambo jingine linalofaa kuelezwa ni namna askari wa dini mbalimbali walivyoitekeleza ibada chini ya silaha. Uislamu haukuliacha suala hilo bila ya jibu. Katika Sura ya Nisaa, aya ya 102, umewekwa utaratibu wa sala ya hofu: kundi moja husali nyuma ya imamu huku likiwa na silaha zake, kundi jingine likilinda, kisha hubadilishana. Kwa hivyo askari Mwislamu hapaswi kuchagua kati ya sala na zamu ya ulinzi. Anayewaongoza katika sala naye ni askari kama wao, mwenye silaha kama wao.

Majeshi ya Kikristo yalishika njia nyingine. Huko kasisi wa jeshi ni mtu wa kazi maalumu: kuwaliwaza majeruhi, kuwazika wafu, kusikiliza maungamo. Mkataba wa Geneva wa mwaka 1864 tayari uliwahesabu makasisi kuwa watu wasiopaswa kushambuliwa wanapofanya kazi hiyo, na mikataba ya mwaka 1949 ikaimarisha ulinzi huo. Mikataba hiyo inawaruhusu waganga wa jeshi kubeba silaha nyepesi kwa ajili ya kujilinda na kuwalinda majeruhi. Ama makasisi, katika majeshi kama ya Uingereza na Marekani hawabebi silaha kabisa. Kasisi wa Kimarekani hufuatana na msaidizi mwenye silaha, yeye mwenyewe akiwa mikono mitupu. Hoja ni kwamba akishika bastola ataanza kuonekana kama mpiganaji, na ulinzi wake utapungua.

Afrika Mashariki ilikuwa na mfano wake wa ajabu. Frank Weston, Askofu wa Zanzibar wa Kanisa la Anglikana, aliunda kikosi cha wapagazi wa Zanzibar mwaka 1916 akakiongoza mwenyewe barani, akapewa cheo cha meja. Wavell na Weston walikuwa Waingereza wawili wenye cheo kimoja katika vita vimoja. Mmoja alikuwa askari aliyewahi kuvaa vazi la hujaji. Mwingine alikuwa kiongozi wa dini aliyevaa cheo cha askari. Tofauti ni kwamba waliomfuata Weston walijua waziwazi yeye ni nani na anaamini nini.

Je, waliomfuata Wavell walijua? Hapana shaka walijua. Kitabu chake kilikuwa kimeshatoka, na Masaudi alikuwa mtu wa mji ule ule. Waarabu wa Mombasa walijua kwamba kamanda wao aliingia Makka kwa jina lisilo lake. Na bado walimfuata. Kwa nini? Pengine mshahara ulikuwa na sehemu yake, kwani watu wa kazi za mikono hawana anasa ya kuukataa ujira. Lakini ujira peke yake hauelezi yote. Alisema nao kwa lugha yao, alijua miiko yao, na hakuwadharau. Askari husamehe mengi kwa kamanda anayemwona kuwa mtu.

Baada ya Gazi vita vya pwani viliendelea kwa mashambulio madogo na magonjwa. Mapigano ya Jassin ya Januari 1915 yaliwagharimu Waingereza sana, wakarudi nyuma kutoka bonde la Umba, na homa ikawaangusha waliobaki. Kikosi cha Waarabu kiliwekwa Mwele, katika vilima vya Kwale nyuma ya Likoni, kulinda njia za bara.

Mwele si mahali pa kawaida. Huko ndiko Mbaruk bin Rashid al-Mazrui alikokuwa na ngome yake. Agosti 1895 Admeri Rawson aliivamia na kuiteka kwa niaba ya Uingereza, na mwaka 1896 Mbaruk akakimbilia upande wa Wajerumani, akafia Dar es Salaam mwaka 1910. Miaka ishirini tu baada ya Waingereza kuwatoa Waarabu Mwele kwa mizinga, walikuwa wakiwategemea Waarabu kuishika Mwele hiyo hiyo.

Tarehe 9 Januari 1916 habari zilifika kwamba Wajerumani wanakaribia. Wavell, sasa akiwa meja, alitoka na kundi dogo la askari wake kwenda kuwakabili. Waliingia katika mtego porini. Wavell aliuawa, na pamoja naye wakauawa askari wake. Alikuwa na umri wa miaka 33.

Katika mji wa Mombasa, karibu na Ngome ya Yesu, uliwekwa mnara wa kumkumbuka yeye na askari wake. Binamu yake, Archibald Wavell, alikuja kuwa jemadari mashuhuri wa Vita vya Pili na Makamu wa Mfalme nchini India kuanzia 1943 hadi 1947, hata jina la ukoo likajulikana duniani. Lakini muulize mpita njia wa leo majina ya Waarabu waliokufa Mwele, hatakutajia hata mmoja. Wao walioacha kazi zao bandarini, waliobeba mzigo wa kuambiwa na upande mmoja kuwa wameisaliti dini yao na na upande wa pili kuwa ni raia wema, wamebaki kuwa nyongeza katika hadithi ya mtu mwingine.

Basi tumhukumu vipi Wavell? Ushujaa wake hauna shaka, na mapenzi yake kwa watu wa Pwani yalikuwa ya kweli kwa kiasi chake. Kosa lake lilikuwa kuamini kwamba imani ya mwenzake ni kitu ambacho mtu aweza kukivaa na kukivua kwa haja zake. Kosa hilo halikuwa lake peke yake. Sultani wa Istanbul, gavana wa Dar es Salaam na wakubwa wa Nairobi na London, wote waliitazama imani ya askari kama risasi moja zaidi katika mkanda. Wavell aliiazima imani hiyo kwa safari moja. Wao waliiazima kwa vita vizima, na waliolipa deni walikuwa wengine.

Swali hili halikuzikwa Mwele. Leo hii Likoni, pale Mtongwe, kuna kituo kikuu cha Jeshi la Wanamaji la Kenya. Mabaharia wake wanatoka kila pembe ya nchi, Waislamu na Wakristo wa madhehebu mbalimbali, na majeshi yetu yana makasisi na maimamu. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 32, inampa kila mtu uhuru wa dhamiri na dini. Kifungu cha 24 kinaruhusu sheria kuwapunguzia wanajeshi baadhi ya haki, kama faragha, kukusanyika na kujiunga na vyama. Wanafunzi wa uraia waisome orodha hiyo kwa makini: uhuru wa dini haumo ndani yake. Maana yake ni kwamba taifa laweza kumwamuru askari aende wapi, avae nini, na silaha yake aitumie lini. Moyo wake halikukabidhiwa.

Haki hiyo ina wajibu wake pia. Askari ambaye imani yake imeheshimiwa hana ruhusa ya kuifanya imani hiyo kuwa sababu ya kumdhulumu raia wa imani nyingine. Pwani imeonja katika miaka yetu jinsi mambo yanavyoharibika pale mwenye bunduki anapomtazama mtu kwa kanzu yake au msalaba wake badala ya matendo yake. Jeshi linaloiheshimu dini ya askari wake ndilo litakaloweza kumfunza aiheshimu dini ya anayemlinda.

Ndugu walimu, mkipata nafasi wapelekeni wanafunzi wenu kwenye mnara ule. Waelezeni habari za Nyali ya mkonge, za Gazi, za Sumani na za Masaudi. Kisha waulizeni kama mtu ana haki ya kusimama Arafa kwa jina la uongo, na kama dola ina haki ya kumtumia Arafa kijana asiyejua lolote isipokuwa kwamba kamanda wake ni mtu mwema. Waacheni wajibu wenyewe. Vijana wa Kisauni, Likoni na Changamwe, wanaokua penye misikiti na makanisa yanayotazamana, wana ujuzi wa jambo hili ambao Sandhurst haikumpa Wavell.